Ukoo wa Pwani: nazi zimekwama Pangani

*Jumatatu, mwezi 12 (siku ya 12 tangu uandame)*

Mpwa (Pangani): Shikamooni wakubwa. Mashua imeshapakia, nazi zilizofuliwa 5,000 za kwenda Mkokotoni, Unguja. Kusi, upepo wa kusini, inaanza saa 4 asubuhi, mpaka magharibi haijatulia. Tungoje igeuke?

Ami (Mkokotoni): Marahaba mwanangu. Igeuke iende wapi? Huu mwezi wa 5, kusi ndiyo kwanza imeingia. Kaskazi uitafute Desemba. Ukingoja igeuke nazi zote utazila mwenyewe 😄 Unachongoja ni ipungue.

Dada (Dar): Kwani Pangani na Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, si pua na mdomo?

Mjomba (Kipumbwi): Kwa mstari ni kama kilomita 50. Shida ni kwamba mstari wenyewe unaelekea kusini-mashariki, na kusi inatoka huko huko. Upepo wa omo, mbele ya chombo kabisa. Mashua ya tanga moja ikienda joshi, yaani kuupandia upepo kwa mshazari, haikaribii upepo zaidi ya nyuzi 60 au 65, kwa hiyo hizo 50 zinakuwa 100 na ushei. Na mkondo unakurudisha kaskazini muda wote huo.

Mjomba (Kipumbwi): Halafu kila ukibisha, yaani kugeuza upande, foromali (boriti ya tanga) izungushwe mbele ya mlingoti, chombo kigeuke kwa kuupa upepo tezi, nyuma. Hapo unarudisha nusu ya ulichochuma.

Kaka (Tanga): Si afunge mashine tu.

Ami (Mkokotoni): Mashine ya nguvu farasi 15 na mzigo wa tani 3 na nusu dhidi ya wimbi, akipata noti 4, kama kilomita 7 na nusu kwa saa, ashukuru. Safari ya saa 6 na robo tatu, lita 5 kila saa, ongeza theluthi ya akiba. Weka lita 45. Piga hesabu na bei ya nazi kisha utuambie nani anamfanyia kazi nani.

Kaka (Tanga): Nimekoma 🙏

Mpwa (Pangani): Sasa tutoke vipi?

Mjomba (Kipumbwi): Kwa umande, upepo wa bara. Unashuka kutoka bara usiku mkubwa, unakatika saa 3 au 4 asubuhi jua likishapasha nchi. Usiutumie kuvuka. Utumie kushuka kusini, ukae juu ya upepo, upande unakotoka, kusi ikiamka ikukute uko kusini ya kisiwa cha Tumbatu. Hapo upepo uliokuwa wa omo unakuwa wa ubavu.

Ami (Mkokotoni): Hilo ndilo wengi wanakosea. Wanatoka Pangani wanaelekeza omo Nungwi moja kwa moja. Umande unawafikisha katikati ya mkondo, kusi inawakuta hapo, jioni wanaiona Pemba.

Mpwa (Pangani): 😂😂 Na mlango wa mto? Fungu la mchanga linatisha.

Mjomba (Kipumbwi): Mlangoni ndiyo kazi hasa. Mzigo ukishaingia chombo kinazama kiasi gani?

Mpwa (Pangani): Mita moja na robo.

Mjomba (Kipumbwi): Basi usikubali chini ya mita 2 na nusu juu ya fungu. Wimbi la mita 1 likikuweka bondeni linakula nusu mita, na mkuku, uti wa chini wa chombo, ukigusa mara moja wimbi la pili linakulaza ubavu. Toka maji yakiwa yanamalizia kujaa au yamesimama. Yakianza kupwa usitoke kabisa! Mto wa masika unasukuma nje, kusi inasukuma ndani, mawimbi yanasimama wima hapo mlangoni. Na magogo juu yake. Weka mtu omo na upondo, mti wa kusukumia.

Ami (Mkokotoni): Na ndiyo maana ya kungoja mwezi 15. Bamvua (maji makubwa) la pwani yetu linajaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na kila siku linachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo mwezi 15 na 16 maji yanajaa wakati umande uko kazini, na mwezi mpevu bado uko magharibi unakumulikia. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, yanajaa saa 4 au 5. Hapo ni kidogo, na umande ndio unakufa.

Mpwa (Pangani): Kumbe siku 3 tu. Nilidhani mwezi mzima.

Shangazi (Bweni): Siku 3 kwa nazi si "tu" baba. Mmezifunika na nini?

Mpwa (Pangani): Turubai la bluu shangazi.

Shangazi (Bweni): Litoeni mchana! Nazi iliyofuliwa ikipata joto inapasuka, na moja ikioza inanukisha mzigo mzima. Wekeni makuti, turubai likinyesha tu. Zilizotoa maji zitengwe leo leo, tutakamua mafuta.

Mjomba (Kipumbwi): Na ubavu umwagieni maji ya chumvi asubuhi na jioni. Mbao za juu zikikauka zinaachana, chombo kikilala tu maji yanapita kalafati (pamba ya kuziba mbao) yakaingia ngama, tumboni mwa chombo. Bandarini hutaliona hilo, liko juu ya maji.

*Jumatano, mwezi 14*

Mpwa (Pangani): Usiku kumenyesha. Alfajiri hakuna upepo, shuwari tupu.

Mjomba (Kipumbwi): Mawingu yamefunika bara, nchi haikupoa. Jina lenyewe linakwambia: pasipo umande juu ya sitaha, hakuna umande wa kwenye tanga. Pitisha mkono juu ya mbao saa 8 usiku. Zikilowa na nyota zinaonekana upande wa bara, amsha watu.

Dada (Dar): Utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wa leo hauna onyo. Upepo wakisema kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, hata umande uje na bahasha msitoke. Mwezi huu huu wa 5 mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipiga Mafia.

Ami (Mkokotoni): Kweli kabisa. Tanga gani liko juu?

Mpwa (Pangani): Lile kubwa.

Ami (Mkokotoni): Teremsha, funga dogo. Kubwa ni la kaskazi. Na demani, kamba ya kuzuia tanga, isifungwe fundo, izungushwe mara mbili mtu aishike. Ukiona wingu jeusi limekaa chini na mstari mweupe juu ya maji, legeza demani kwanza, ndipo ushushe foromali. Ukianza na foromali tanga limejaa, haishuki.

*Alhamisi, mwezi 15*

Mpwa (Pangani): Mbao zimelowa. Nyota zipo. Saa 9 na nusu tunang'oa nanga.

Mjomba (Kipumbwi): Bismillah. Maziwe, kile kisiwa cha mchanga, muiache mbali, bamvua likijaa ule mchanga hauonekani. Kwangu mtafika kama saa 3, maji yanakaribia kumaliza kupwa. Tieni nanga nje penye mita 3, lakini kamba pimeni kwa maji ya jioni: yatakuwa 6 na nusu, kwa hiyo mita 35 za kamba. Ukipima kwa maji ya asubuhi, jioni utakuta nanga inakokotwa.

Mjomba (Kipumbwi): Kusi ya mchana ikivuma, laleni. Saa 8 usiku mng'oe tena, omo kusini kidogo mashariki, mpaka Tumbatu iwe kaskazini-mashariki yenu. Ndipo mgeuze.

Shangazi (Bweni): Maji ya kunywa?

Mpwa (Pangani): Watu 5, lita 60. Jaketi za kuelea 6.

Shangazi (Bweni): Haya. Mkate wa kumimina uko kwenye ndoo nyeupe, msiukalie.

Mpwa (Pangani): Tumevuka fungu. Mita 3. Umande wa ubavuni, tanga limeshika.

Ami (Mkokotoni): Kesho adhuhuri nitakuwa pwani na mkokoteni. Nazi zilizopasuka ni za shangazi yenu, msizihesabu kwenye 5,000.