Sambusa zangu zimewekwa chini na mfuko wa taka. Huyu jamaa wa barafu sasa BASI

Mkunja Manda (mleta uzi):
Wakuu, naandika hapa hapa nikiwa maegesho ya Arrowhead, uwanja wa futiboli ya Kimarekani, simu ina chaji asilimia 11 na mikono inatetemeka. Asiniambie mtu nitulie.

Mnamjua ninayemsema. Simtaji. Wana Kansas City wote mnamjua. Orodha ya chakula ikianza kuzunguka kwenye grupu, hujamaliza hata kusoma tarehe, yeye ashaandika "mimi barafu". Mwaka juzi barafu. Mwaka jana barafu. Kipaimara cha mtoto wake mwenyewe kaja na barafu! Huyu akifa mochwari hawatamdai hata senti.

Sasa leo. Mimi nikajitolea vitafunwa vya teligeti. Jana nimetoka kazini saa mbili usiku, nikakunja manda mpaka saa tisa. Sambusa 120. Uji wa ngano wa kugandishia umenikaukia vidoleni mpaka simu inakataa kunitambua. Nyama nimeikausha vizuri, giligilani, ndimu, pilipili kwa mbali kwa ajili ya wazungu. Nimewaza kama mtu mzima. Pale watu wanakula wamesimama, mkono huu kinywaji, mkono huu chakula, habari za kisu na uma hakuna. Kitu gani kimeumbwa kwa kazi hiyo kama siyo sambusa? Ina pembe tatu za kushikia!

Nafika, nasalimia, naweka sinia mezani, kati ya mbawa za kuku na zile ncha nyeusi za brisketi (kidari cha ng'ombe) ambazo watu wa mji huu wanaziabudu. Jamaa huyo. Anafunua foili kwa kidole kimoja, hivi, kama anakagua nepi. Anachungulia. Halafu ANALIBEBA SINIA, ANALIWEKA CHINI, kati ya tairi la nyuma na mfuko wa taka. Anasema, "Hii tuiweke hapa kwanza, wageni wasije wakajisikia vibaya."

Wasije wakajisikia vibaya! Chini! Mfuko wa taka!

Uwanja huu una rekodi ya Guinness ya kelele, desibeli 142.2, wameiweka 2014. Mimi sikusikia kitu. Nauona tu mdomo wake unacheza, na sambusa zangu ziko usawa wa tairi. Usawa wa TAIRI, wakuu. Kuna mzungu kapita akarusha sahani yenye tomato sosi, ikaukosa mfuko... sitaki kuendelea.

Na barafu yenyewe ilikuja imeshayeyuka.

Mzee wa Kiporo:
Uzi bila picha ni porojo. Weka picha ya tairi.

Konda Mstaafu:
Teligeti ndo nini? Wengine tuko Mbagala huku, mtufafanulie kabla hatujakasirika na nyie.

Jirani Mnoko:
Konda, wenzetu mechi ikiwa saa sita mchana, asubuhi asubuhi washafika maegesho ya uwanja. Mlango wa nyuma wa pikapu unashushwa unakuwa meza, jiko la mkaa au la gesi pembeni, wanachoma na kunywa mpaka muda wa kuingia. Na wapo ambao mechi yenyewe hawaingii, wamefuata nyama.

Konda Mstaafu:
Kumbe ni Simba na Yanga nje ya Mkapa, ila muhogo unakuja nao kutoka nyumbani. Sawa, endeleeni kukasirika.

Dada wa Zamu:
Mimi naomba niulize kama nesi. Mwongozo wa huku Marekani unasema chakula kisikae nje zaidi ya masaa 2, na joto likivuka nyuzi 32 ni saa moja tu. Lami ya Septemba naijua. Hizo sambusa zilikaa muda gani hapo chini?

Mkunja Manda:
Dakika 40. Lakini dada yangu, usiniulize zilikaa MUDA GANI. Niulize zilikaa WAPI.

Mzee wa Kiporo:
Mimi kuna kitu hakinikai. Mtu kafunua foili, kaogopa kwa niaba ya wageni. Sambusa haimtishi mtu. Mleta uzi, humo ndani kulikuwa na nini kingine?

Mkunja Manda:
Usinitoe kwenye mada.

Jirani Mnoko:
Amekwepa. Nanukuu kwa ajili ya vizazi vijavyo: "Usinitoe kwenye mada."

Mkunja Manda:
Sambusa 120. Na pale konani, kidogo tu, dagaa wa Kigoma. Wa kukaanga. Na ndimu.

Konda Mstaafu:
Hahahahahaaa DAGAAA! Modi funga uzi, mtuhumiwa amekiri.

Mzee wa Kiporo:
"Kidogo tu." Yaani binadamu wa watu kaamka na hamu ya soseji, anafunua foili saa tatu asubuhi, macho mia nne yanamtazama kwa pamoja. Jamaa wa barafu apewe ubalozi.

Jirani Mnoko:
Na hiyo harufu kwenye upepo wa maegesho! Timu pinzani wangeandika barua ya malalamiko.

Bibi Tangawizi:
Mnamwonea. Kule Green Bay wanachemsha soseji kwenye bia, mnasifia. Hapo Kansas City ncha za nyama zimebabuka mpaka zimekuwa mkaa, mnapanga foleni. Dagaa wa watu kakosa nini? Ana uti wa mgongo tu, tena unatafunika. Ila mwanangu, shukuru haikuwa Buffalo. Kule mashabiki wanazirukia meza mpaka zinavunjika. Chini ndipo sinia lingepona.

Mkunja Manda:
Bibi asante, ila "chini" usilitaje tena. Na mmenikatisha sijamaliza! Robo saa baadaye nikazunguka nyuma ya gari kuchukua kiti. Nimemkuta nani? Huyo huyo. Amechuchumaa kati ya tairi na mfuko wa taka, mdomo unang'aa mafuta, sambusa mkononi, na mkia wa dagaa umenasa kwenye ndevu. Ananiambia, "Nilikuwa naonja kama zimeharibika." Tano! Ameonja TANO!

Mwana wa Minnesota:
Wueh. Pole sana, lakini wewe hata unaruhusiwa kupika. Mimi huku kila mwaka naambiwa, "Wewe leta tu sahani na vijiko," ati kwa sababu sijaoa. Miaka minne nabeba sahani za karatasi kama muuza duka. Siku moja nikajitoa mhanga nikaleta kachumbari. Mama mmoja akaniuliza kama ni ya kupambia meza.

Dada wa Zamu:
Bora nyie. Huku kwetu kuna mmoja saladi yake ya viazi ina zabibu kavu. Haiguswi. Anafunika, anaondoka nayo, Jumapili inayofuata huyo tena. Siku moja nilizihesabu zile za juu. Ni zile zile.

Mzee wa Kiporo:
Dada wewe unahesabu zabibu za watu halafu unasema uko zamu?

Konda Mstaafu:
Nyie hamjadhalilishwa bado. Mimi nimechanga laki moja na nusu harusi ya Tabata, nimepewa kadi ya mtu mmoja, nikafika kwenye chakula mhudumu ananiwekea shingo ya kuku. SHINGO. Laki na nusu.

Mkunja Manda:
Wakuu, turudi kwenye mada. Tairi. Mfuko wa taka.

Bibi Tangawizi:
Konda, Tabata hiyo siyo ile MC alikuwa anawataja kwa sauti ambao hawajamaliza michango?

Konda Mstaafu:
HIYO HIYO! Bibi ulikuwepo?

Bibi Tangawizi:
Nilikuwa meza ya tatu kutoka kwenye keki. Na mimi nilipata shingo.

Mzee wa Kiporo:
Kuku mmoja ana shingo moja. Shingo mbili, basi mapaja manne yako wapi? Kamati itoke hadharani.

Jirani Mnoko:
Mleta uzi, samahani kukusumbua katika majonzi. Hao dagaa wa Kigoma hapo Kansas City unawapata wapi? Njoo inboksi.

Mkunja Manda:
Nimebakiwa na kama nusu kilo. Nipigie kesho, chaji asilimia 2.

Konda Mstaafu:
Halafu nimesahau kuwaambia, soda zenyewe zilikuwa za moto. Harusi nzima, kamati ya watu kumi na nane, hakuna hata mmoja aliyewaza kuleta barafu.