Wauzaji wa postikadi za waasisi wa besiboli, acheni kutufanya wajinga

Wakuu, nimechoka na hizi postikadi za Cooperstown (mji wa Marekani wenye Jumba la Heshima la besiboli; kila kadi ina picha ya bamba la ukumbusho la mtu aliyeingizwa humo) zinazopandishwa mnadani ndani ya kasha la plastiki la kampuni ya kupima ubora, maelezo yote yakiwa "adimu, ya enzi zake, imesainiwa". Enzi za nani? Alexander Cartwright alifia Honolulu mwaka 1892. Harry Wright 1895, Chadwick 1908, Spalding 1915, Candy Cummings 1924. Uchaguzi wa kwanza wa Jumba la Heshima ulikuwa 1936, na milango ikafunguliwa tarehe 12 Juni 1939. Sasa huyo Cartwright alisaini bamba lake saa ngapi? Cheti chochote kitakachoambatana na sahihi hiyo ni takataka. Kama ni Cy Young au Connie Mack, sawa, hao walikuwa hai hadi miaka ya 1950.

Halafu mwaka. Mtu anachukua mwaka ambao mwasisi aliingizwa, anaufanya mwaka wa kadi. Za wachapaji Albertype wa Brooklyn ndizo za mwanzo, nyeusi na nyeupe. Artvue wakaja miaka ya 1950, na zile za rangi za Curteich zilianza 1964. Chukua kioo cha kukuza mara 10: Albertype haina nukta zilizopangwa mistari, utaona chembechembe zilizojikunja ovyo. Ukikuta nukta za safu safu, hiyo siyo. Geuza nyuma: anwani yenye msimbo wa posta wa tarakimu tano ni ya Julai 1963 au baadaye. Taa ya UV nayo isaidie; karatasi ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia haing'ai nyeupe ya bluu. Ila plastiki yenyewe inaweza kung'aa, kwa hiyo tazama karatasi.

Kinachoniudhi zaidi ni watu kulipia namba ya daraja (alama ambayo kampuni hutoa kwa hali ya kadi) na kuidharau kadi yenyewe. Daraja 8 isiyotumika haikuambii ilichapwa lini. Daraja 3 yenye mhuri wa posta wa 1941 unaosomeka inakuambia: haiwezi kuwa imechapwa baada ya hapo. Mhuri huohuo ndio umeishusha daraja! Angalia na stempu: hadi mwisho wa 1951 postikadi ilisafiri Marekani kwa senti 1. Ile stempu ya senti 3 ya miaka mia ya besiboli (1939) ikiwa juu ya postikadi ya miaka hiyo, uwe na shaka: huenda ni ya wakusanya stempu, au kuna mtu kaibandika baadaye.

Na msijifariji kwamba namba ya lebo ya kasha "ipo kwenye mfumo" wa kampuni. Namba halali inanakiliwa. Fungua picha ya kampuni kama ipo, linganisha kona moja moja, doa na upana wa pambizo. Kisha kagua mshono wa kasha: weupe, mikwaruzo au gundi maana yake lilifunguliwa.

Muuzaji asiyeweka picha ya nyuma na ya mshono, msimpandie dau. Na nyie mnaojua mnauza nini, wekeni picha hapahapa tuzione.