Makumbusho ya watoto, halafu mtoto anafokewa "usiguse"! Hii ni haki kweli?

Wakuu, nimekereka na sitazunguka.

Pale mahali pametangazwa kuwa makumbusho ya watoto. Picha za tangazo ni watoto wanachezea maji, wanavuta kamba, wanajenga nyumba za mbao. Unalipa kiingilio cha familia nzima, unaingia na mtoto wa miaka minne na mdogo wake aliyeanza kutembea juzi tu, na kabla hamjafika hata chumba cha pili mhudumu ameshawapigia kelele: "Usiguse hicho!" Sasa aguse nini?

Meza ya maji imekauka, imezungushiwa utepe, na karatasi ya "inafanyiwa matengenezo" imekaa mpaka wino umepauka. Kwenye ukuta wa sauti za wanyama, mwanangu alibonyeza kitufe cha simba, kimya. Akabonyeza kwa dole gumba, akabonyeza kwa viganja vyote viwili, kisha akageuka kuniangalia usoni. Nimwambie nini mtoto wa miaka minne? Na maelezo yote yamebandikwa usawa wa kifua cha mtu mzima.

Hili jambo dunia ilishalimaliza zamani. Makumbusho ya kwanza ya watoto yalifunguliwa Brooklyn, New York, mwaka 1899. Miaka ya 1960, Michael Spock alipokuwa mkurugenzi wa yale ya Boston, alivitoa vitu kwenye makabati ya vioo ili watoto wavishike, wavifungue, waone ndani kuna nini. Mtoto mdogo anajifunza kwa mikono. Ukimzuia kushika, umemleta kutembea kwenye korido tu.

Lakini kilichonitoa jasho ni kona ya wadogo. Imeandikwa kabisa ni ya walio chini ya miaka mitatu, na juu ya zulia kumetapakaa gololi na shanga kutoka mchezo wa wakubwa ulio jirani, hakuna hata kizuizi katikati. Umri huo kila kitu kinaishia mdomoni! Kuna kipimo rahisi ambacho wazazi wengi wanakijua: kinachopenya kwenye kibomba cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto. Gololi inapenya bila kugusa pembeni. Moja niliitoa mkononi mwa mdogo ikiwa njiani kwenda kinywani. Wakati huo huo watoto wa shule, wakubwa, wanakimbizana humo humo na walimu wao wamekaa kwenye mabenchi na simu.

Chooni hakuna pa kubadilishia pampasi. Nimembadilishia sakafuni.

Nikamfuata msimamizi. Jibu lake: "Watoto wanaharibu sana vitu." Ndiyo, wanaharibu, ni watoto! Ndiyo maana vitu vya mahali kama pale vinatakiwa viwe imara, awepo fundi wa kuvipitia kabla milango haijafunguliwa, na sehemu ya viingilio iende huko.

Mliowahi kufuatilia suala kama hili, nielekezeni malalamiko yanapelekwa wapi zaidi ya huyo msimamizi, maana sitaliacha. Ninachotaka ni wabandike kwenye dirisha la tiketi, kabla mtu hajatoa hela, orodha ya vitu visivyofanya kazi siku hiyo. Na zile gololi ziondolewe leo hii, wasisubiri mtoto wa mtu akabwe.