Naomba ushauri: nisaini tamko la usawa kazini au nikatae?

Habari zenu wakuu. Niko Toronto, wakili mchanga, leseni ina miaka mitatu. Jumatatu bosi kaniwekea karatasi mezani, mistari sita, niahidi kuendeleza usawa na utofauti "ofisini na nje ya ofisi". Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yamenikaba. Usawa siupingi hata kidogo. Mimi ndiye mweusi pekee ghorofa nzima, na mahakamani nimeshaulizwa mara mbili kama ndiye mkalimani. Ila kuamriwa niseme nini hata nikiwa nyumbani kwangu, hapo nasita.

Wakongwe wa huku mnakumbuka: mwaka 2017 chama kinachosimamia mawakili wa Ontario, jimbo letu hili, kiliagiza kila mwenye leseni awe na tamko lake la usawa kama hili. Wapinzani wakaunda kundi la StopSOP (yaani "komesha tamko"), uchaguzi wa bodi ya chama hicho wa 2019 wakabeba viti 22 kati ya 40 vya mawakili, na Septemba mwaka huohuo agizo likafutwa. Kwa hiyo hili la sasa ni la mwajiri tu.

Tatizo jingine, baadhi ya waliopinga siku zile kisiasa sipatani nao kabisa, sitaki kuhesabiwa kundi lao. Mke wangu anasema saini tu, kodi ya nyumba haingoji msimamo wako.

Nawaza kusaini huku nimeyakata kwa kalamu yale maneno matatu. Kuna aliyewahi kufanya hivyo? Bosi alilipokeaje? Karatasi inatakiwa Ijumaa.