Kituo cha lugha tatu kimekwama kwenye ukaguzi wa duka la programu za televisheni: ni ruhusa ipi inayokubalika?

Mtangazaji_Ohio ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Ninasimamia matangazo ya jumuiya ya watu wa Maziwa Makuu tunaoishi Columbus, Ohio. Watazamaji wetu wengi ni familia zilizotoka Kivu Kusini, Burundi na Rwanda, baadhi yao wakiwa wamepitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, na kwa ajili yao tunaandaa taarifa, mahubiri na vipindi vya afya kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa. Wazee wetu hawapendi kutazama kwenye simu. Wanataka kushika rimoti, kuwasha televisheni ya sebuleni na kukikuta kituo chao hapo, na ndiyo maana tuliandaa programu kwa ajili ya Roku, Fire TV na Apple TV, vile vifaa vya kuleta vipindi vya mtandaoni kwenye televisheni.

Sasa duka mojawapo limetukatalia. Ujumbe wao unasema kwamba programu inaonyesha maudhui ya watu wengine bila uthibitisho wa ruhusa, na kwamba maelezo tuliyoyaambatisha hayakumwezesha mkaguzi kujua vipindi hivyo ni vya nani. Sehemu ya ratiba yetu ni taarifa ya habari ya kituo kimoja cha Dar es Salaam, ambacho kina leseni halali ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na ambacho mkurugenzi wake alituruhusu kwa ujumbe wa WhatsApp. Jioni tunaweka nyimbo za kwaya, na mwisho wa wiki filamu za nje zilizoingizwa sauti ya Kiswahili na madijei, kwa kuwa ndizo zinazoombwa zaidi na vijana.

Naomba msaada katika mambo matatu. Je, ruhusa inapaswa kuwa ya namna gani ili ikubaliwe? Je, tukizitenganisha lugha hizi katika programu tatu, ukaguzi utakuwa mwepesi? Na je, wakati tukisubiri, tunaweza kuwagawia watu namba ya kituo binafsi cha Roku, yaani kituo kisichoonekana dukani, kama ilivyokuwa zamani?

Wakili_wa_Mwambao amejibu:

Kaka, pole kwa usumbufu. Nitaanza na hiyo leseni ya TCRA, kwa sababu naona mmeitegemea kuliko inavyoweza kubeba. Leseni ile inamruhusu mwenye kituo kutangaza nchini Tanzania kwa kufuata masharti ya mdhibiti. Haisemi lolote kuhusu nani anamiliki picha, muziki au filamu zinazopita katika kituo hicho. Mkaguzi aliyeko California akiipokea, hata ikiwa imetafsiriwa vizuri, bado hajajibiwa swali lake, ambalo ni hili: mwenye kazi hii amewaruhusu ninyi kuionyesha, kwenye vifaa hivi, katika nchi hizi?

Kanuni za Apple zinalisema jambo hili waziwazi katika kifungu cha 5.2.2: programu ikionyesha maudhui ya huduma ya mtu mwingine, mwasilishaji lazima awe ameruhusiwa mahususi, na atoe uthibitisho akiombwa. Maduka mengine nayo yanadai uthibitisho wa haki kwa maneno yao. Kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp hautoshi, si kwa sababu mkurugenzi hana nia njema, bali kwa sababu hautaji kipindi, nchi, muda wala aina ya vifaa. Mwombeni barua yenye nembo ya kampuni, iliyotiwa saini na mtu mwenye mamlaka ya kusaini kisheria kwa niaba ya kampuni, na itaje mambo hayo yote. Jina la mpokeaji wa ruhusa lazima lifanane, herufi kwa herufi, na jina la taasisi iliyofungua akaunti ya mwasilishaji. Nimeona jumuiya zikifungua akaunti kwa jina la kijana mmoja anayejua kompyuta, huku mkataba ukiwa kwa jina la chama, na mkaguzi akakosa uhusiano kati ya hao wawili. Apple na Google zote zinataka namba ya D-U-N-S, ile ya kuitambulisha taasisi inayotolewa na kampuni ya Dun & Bradstreet, kwa akaunti za taasisi, itafuteni mapema.

Hata barua hiyo ikipatikana, kituo cha Dar hakiwezi kuwapa kile ambacho chenyewe hakina. Taarifa ya habari huwa na vipande vya michezo. Haki za kutangaza Ligi Kuu ya Tanzania Bara zilichukuliwa na Azam Media kwa mkataba wa miaka 10 uliotiwa saini mwaka 2021, na picha za mashirika ya habari ya kimataifa hununuliwa kwa masharti ya eneo. Ombeni kituo kiwatumie toleo lisilo na vipande hivyo. Ni kazi ya ziada kwao, lakini vituo vingi hukubali vikielezwa sababu.

Filamu za madijei ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, na naomba niseme bila kuficha. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Marekani ilijiunga nao mwaka 1989 na Tanzania mwaka 1994, unampa mwandishi wa kazi haki ya pekee ya kuruhusu tafsiri, katika kifungu cha 8. Anayeingiza sauti ya Kiswahili anahitaji kwanza ruhusa ya mwenye filamu, na ninyi mnahitaji ya mwenye filamu pamoja na ya aliyeitafsiri. Najua kwamba filamu hizi zimewafundisha na kuwaburudisha watu wengi, na kwamba madijei wana kipaji cha kweli, lakini zikibaki katika ratiba, mnahatarisha akaunti nzima, pamoja na vile vipindi vya afya ambavyo jumuiya yenu inavihitaji kweli. Ziondoeni kabla ya kuwasilisha tena.

Fundi_Mitambo amejibu:

Naongezea upande wa ufundi.

Kuhusu namba ya kituo binafsi, njia hiyo imefungwa: Roku iliviondoa vituo binafsi mwezi Februari 2022. Kilichobaki ni kituo cha majaribio, ambacho huruhusu watumiaji 20 tu na huisha baada ya siku 120, kwa hiyo kinafaa kwa kamati yenu kukagua kazi na hakiwezi kuhudumia jumuiya. Direct Publisher, ile huduma iliyowawezesha watu kujenga kituo bila kuandika programu, nayo ilifungwa mwezi Januari 2024, hivyo msipoteze muda na maelekezo ya zamani yanayoitaja.

Msitenganishe lugha katika programu tatu. Mtakaguliwa mara tatu kwa hoja zilezile za haki, na maduka hayapendi programu zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa jina. Wekeni programu moja yenye safu tatu, na kipindi chenye sauti zaidi ya moja kiwe na misimbo sahihi ya lugha katika orodha ya HLS, yaani faili linaloieleza programu video na sauti zilizopo: sw kwa Kiswahili, rw kwa Kinyarwanda na fr kwa Kifaransa. Wengi huandika en, yaani Kiingereza, kwa kila sauti. Mkaguzi akibonyeza kitufe cha lugha anaona Kiingereza, anasikia Kinyarwanda, naye anaandika kwamba programu ina hitilafu. Katika sehemu ya maelezo kwa mkaguzi, andikeni kwa Kiingereza kila safu ina nini, inatoka kwa nani, na barua ipi inaihusu. Ukurasa wa dukani unaweza kuandikwa kwa Kiswahili kwenye Google Play, lakini Roku haina chaguo hilo, kwa hiyo tayarisheni maelezo ya Kiingereza na Kifaransa.

Mtangazaji_Ohio amejibu:

Nawashukuru sana. Filamu tutaziondoa wiki hii. Limebaki suala la kwaya: viongozi wa kwaya wenyewe ndio wanaotutumia video, tena wakiomba zionyeshwe. Je, hapo pia tunahitaji karatasi?

Mama_Sauti_ya_Pili amejibu:

Mwanangu, mnahitaji, na nasema hivi nikiwa mtu niliyeimba kwaya na kushughulikia mikataba yake kwa miaka mingi. Kiongozi wa kwaya anaweza kuwa mwenye wimbo bila kuwa mwenye rekodi. Kwaya nyingi hurekodi kwa msaada wa mfadhili au studio, na makubaliano humwachia huyo mfadhili haki ya rekodi na video. Kwaya hubaki na heshima na maonyesho ya jukwaani. Kwa hiyo muulizeni kiongozi maswali mawili: nani alitunga, na nani aliigharimia rekodi. Kama majibu ni watu tofauti, wote wawili watie saini.

Msidhani pia kwamba ada mnayolipa kwa mashirika ya Marekani yanayokusanya ada za watunzi wa nyimbo, kama ASCAP au BMI, inamaliza jambo. Ada hizo zinahusu kuutumia wimbo hadharani; kuuambatanisha wimbo na picha ni ruhusa nyingine, inayotolewa na mwenye wimbo mwenyewe.

Ushauri wangu ni kwamba anzeni na kwaya za hapo Columbus. Warekodini ninyi wenyewe ibadani kwa vifaa vyenu, wakiimba tungo zao, na waimbaji watie saini siku hiyohiyo kabla hawajatawanyika. Rekodi itakuwa yenu, tungo zao, na karatasi yake itakuwa ya ukurasa mmoja. Video za kutoka Bukavu na Kigoma ziongezeni moja baada ya nyingine kadiri barua zinavyowafikia. Programu ikishakubaliwa, kuongeza kipindi katika ratiba hakuhitaji kuiwasilisha upya, ila barua zote zitunzwe, kwa sababu duka linaweza kuziomba wakati wowote mtu akilalamika.