Familia ya Barabara ya 12, Tanga: Mwanaidi aende usailini?

Bi Zuhura, 20:14
Assalaam aleikum. Mwanangu Mwanaidi ameniomba ruhusa ya kwenda Dar es Salaam kwenye usaili wa shindano la kuimba la televisheni. Sipendi kuamua peke yangu.

Salimu, 20:21
Waaleikum salaam, shangazi. Mimi naona aende. Mwaka 2010 Peter Msechu alitoka kwetu Tanzania akawa wa pili kwenye Tusker Project Fame, shindano la kuimba la televisheni la Afrika Mashariki. Mwaka mmoja kabla yake alishinda Alpha Rwirangira wa Rwanda, na 2013 akashinda Hope Irakoze wa Burundi. Ni wangapi kati yetu waliokuwa wakiwasikiliza waimbaji wa Kigali na Bujumbura kabla ya hapo?

Mzee Salehe, 20:40
Hilo nalikubali, Salimu. Wala sina ugomvi na mashindano, kwa sababu taarabu ya mji huu imekuzwa nayo: vikundi vya Black Star na Lucky Star vilishindana hapahapa Tanga, na katika miaka ya 1990 vikundi vya Dar es Salaam, TOT na Muungano, vilijibizana kwa nyimbo jukwaa kwa jukwaa. Lakini aliyezidiwa hakufukuzwa. Alirudi nyumbani, akatunga jibu, nasi tukaenda kumsikiliza tena, kwa hiyo kushindwa kwake kulituzalia wimbo mwingine. Kwenye televisheni kila wiki mmoja anafungasha virago, na wimbo wake unakatikia hapo. Hata tuzo imebadilika: zamani ukimtuza mwimbaji, noti iliingia mkononi mwake, ilhali leo kura hulipiwa kwa ujumbe wa simu, na mwenye salio kubwa hupiga nyingi apendavyo.

Rehema, 20:52
Baba mdogo, mimi linaloniumiza ni kicheko. Katika usaili huonyeshwa hata wasiojua kuimba, ili nchi nzima iwacheke. Watoto wangu sasa wana mchezo wa majaji: watatu hukaa mezani, mmoja husimama mbele yao. Juzi mdogo wao alikosea beti ya kaswida, wakampungia mkono atoke. Tangu siku hiyo hajasoma kaswida mbele ya mtu, na alikuwa akiisoma tangu alfajiri.

Salimu, 21:03
Pole, dada. Mlete kwetu Ijumaa asome na wanangu, sitawasha televisheni.

Mwanaidi, 21:15
Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma yote. Bado natamani kwenda, kwa kuwa hapa Tanga sijui mlango mwingine wa kubisha. Mjomba Salehe, naomba Jumamosi unisikilize kwanza, unisahihishe pumzi na matamshi kama ulivyokuwa ukifanya nilipokuwa mdogo. Na nikirudishwa, nitakuja na wimbo mpya.

Mzee Salehe, 21:19
Marahaba, mwanangu. Njoo baada ya alasiri.

Bi Zuhura, 21:22
Basi nauli nitatoa mimi, na Rehema atafuatana naye.