Eti watu wanaogopa magari ya umeme? Njooni mchaji nyie kwanza

Wakuu nimechoka. Kila nikishika simu nakutana na mtaalamu anasema eti watu hawajaelimishwa kuhusu magari ya umeme, eti wanaogopa mabadiliko. Mimi sikuogopa, nilinunua, huu mwaka wa pili naliendesha, na gari lenyewe sina ugomvi nalo, limetulia, linachomoka kama mshale, habari za kumwaga oili nimeshazisahau. Ugomvi wangu ni kuchaji.

Juzi usiku nafika kituoni betri iko asilimia 9, mtoto kalala siti ya nyuma. Mashine nne. Mbili giza totoro, ya tatu ina plagi ya CHAdeMO na gari langu linatumia aina nyingine ya plagi, CCS, haiingii hata ulie. Ya nne jamaa kachomeka, yuko 83, anasubiri ijae mpaka 100! Namwambia kaka, ikishapita 80 gari lenyewe linapunguza kasi ya chaji kulinda betri, hapo unakesha bure, ananijibu nyumbani sina pa kuchaji. Nikanywea, maana hata mimi sina, naishi ghorofani gari linalala barabarani. Zamu yangu ilipofika mashine inataka nipakue aplikesheni yake, nijisajili, niweke hela kwanza, na mtandao wenyewe haushiki. Ingekuwa petroli saa hizo nshajaza niko kitandani.

Halafu mnatupigia mfano wa Norwei, 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yalikuwa ya umeme. Sawa, ila malizieni stori: wale walianza kuondolewa kodi tangu miaka ya 90, wakaruhusiwa mpaka kupita njia za mabasi, na wengi wanachajia kwao. Ujerumani Desemba 2023 serikali ilikata ruzuku ghafla, mwaka uliofuata mauzo yakaporomoka, sasa na Wajerumani nao elimu iliwatoka ndani ya mwaka mmoja? Uingereza ndo usiseme, mwisho wa kuuza magari mapya ya petroli ulikuwa 2030, ukasogezwa 2035, ukarudishwa 2030. Mtu anayekopa kununua gari ajipangeje hapo?

Na wewe unayekuja kukomenti "si uchaji nyumbani usiku", rudi usome tena. Nimesema ghorofani. Waya niuteremshie dirishani?